Udongo, Vijidudu Vyake, na Dawa ya Usubi

Maudhui yetu ya leo ni vijidudu vya udongo, na hasa namna vinavyorithishana, kizazi baada ya kizazi, ustadi wa kutengeneza vitu ambavyo sisi binadamu tumevifanya dawa. Na kwa kuwa sipendi kuianzia ilimu mbali ilhali iko ya karibu, nitaanza na ufito wa kupimia kimo.

Ufito huo mwaujua. Mgawa dawa wa kijiji huusimamisha chini ya mti au huuegemeza ukutani, ukiwa umetiwa alama zake, na watu huujia mmoja mmoja, wakavua viatu, wakasimama wima ubavuni mwake: mtoto asiyefika sentimita 90 huambiwa arudi kwa mamake, aliyevuka hapo lakini hajafika 120 hupewa kidonge kimoja, wanaomzidi hupewa viwili au vitatu, na mtu mzima aliyepindukia sentimita 158 hupewa vinne, naye huvimeza papo hapo mbele ya mgawaji, ambaye hulitia jina lake daftarini. Mizani haihitajiwi, maana wataalamu waliona kwamba kimo chatosha kukisia uzito, na ufito hauharibikii njiani wala hautaki betri.

Dawa yenyewe ni ivermektini, ambayo kwenye chupa yake imeandikwa Mectizan, nayo hutolewa kwa sababu ya maradhi ya usubi, yaani yale yaletwayo na inzi mdogo mweusi mwenye kibyongo azaliwaye kwenye mito ya maji ya kasi, ambaye akimuuma mtu humwachia mnyoo, na mnyoo huyo akikomaa huzaa maelfu ya vitoto vinavyotambaa chini ya ngozi, vikamwasha mtu usiku na mchana hata ngozi ikawa ngumu na yenye mabaka, na vikifika machoni, baada ya miaka mingi, humpofusha. Huku kwetu West Nile, nchini Uganda, mmojawapo wa inzi waliohusika sana ni yule aitwaye na wataalamu Simulium neavei, ambaye kwa muda mrefu hapakuwa na mtu aliyejua mabuu yake hukaa wapi, kwa sababu waliyatafuta juu ya mawe na majani ya mtoni, ambapo ndipo yalipo mabuu ya inzi wenziwe, wasiyaone. Hata mwaka 1950 van Someren na McMahon, watafiti waliokuwa Kenya, wakatangaza kwamba wameyakuta yameng'ang'ania magamba ya kaa wa mtoni. Tangu siku hiyo mtu atakaye kujua kama usubi wa namna hii ungaliko katika mto fulani huanza kwa kuvua kaa. Uganda ilianza kuigawa ivermektini katika miaka ya 1990, na mwaka 2007 Serikali ikaazimia kuyatokomeza maradhi haya kabisa badala ya kuyapunguza tu, ndipo sehemu nyingi zikaanza kupewa dawa mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa kidonge huviua vitoto vilivyomo ngozini, ilhali mama yao hubaki hai katika vinundu vya mwili miaka kumi na zaidi, akiendelea kuzaa.

Sasa basi, kidonge hiki asili yake ni udongo, na udongo wenyewe si wa Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Satoshi Ōmura, mtaalamu wa Taasisi ya Kitasato huko Japani, aliyekuwa na desturi ya kutembea na vifuko vya plastiki ili achote udongo popote apitapo, alichota kiasi kidogo karibu na uwanja wa gofu wa Kawana, katika mji wa Ito ulio pwani, akakitoa humo kijidudu ambacho hakikufanana sawasawa na vile alivyovizoea. Akakipeleka, pamoja na vingine vingi, kwenye maabara ya kampuni ya Merck katika jimbo la New Jersey, Marekani, ambako William Campbell na wenzake walikijaribu kwa panya wenye minyoo, na panya wale wakapona. Kijidudu kikaitwa Streptomyces avermitilis. Mwaka 1987 kampuni ile ikaahidi kuitoa dawa bure kwa wenye maradhi ya usubi kwa kadiri itakavyohitajiwa, na mwaka 2015 Ōmura na Campbell wakatunukiwa Nishani ya Nobel. Ajabu iliyobaki ni kwamba watu wamechimba udongo wa mabara yote kwa miongo kadhaa wakitafuta kijidudu kingine chenye kutengeneza kitu hicho hicho, wasikipate. Dawa yote iliyomezwa baina ya Manibe, huku kwetu Arua, na mwisho wa dunia nasaba yake yarejea kwenye kile kifuko kimoja cha Kawana.

Mwenye kujua mambo haya atanikatiza hapa aseme kwamba ivermektini si antibayotiki kwa maana iliyo kamili, kwa sababu huua minyoo na wadudu wala haiui bakteria. Nakubali. Lakini kwa nasaba ni ndugu khasa wa antibayotiki, maana imezaliwa na jamii ile ile ya vijidudu iliyozaa streptomisini, tetrasaiklini na kloramfenikoli, na imeandikwa katika urithi wa mzazi wake kwa kanuni zile zile nitakazozieleza.

Jamii hiyo ya Streptomyces ina tabia ambazo si za bakteria wengi. Haielei kimoja kimoja, bali huota nyuzi nyembamba zinazotambaa na kuchipua vitawi ndani ya udongo, hata watu wa zamani waliidhani kuwa ni ukungu. Na ile harufu inayopanda shambani mvua ya kwanza inaposhuka baada ya kiangazi, ambayo kila mkulima wa Manibe anaijua kabla hajafungua mlango, kwa sehemu kubwa ni kazi yake. Chakula kikiisha, nyuzi zilizo chini huanza kujila zenyewe, na kutokana na mabaki yake huinuka nyuzi nyingine zinazosimama hewani, zikakatika vipande vipande kuwa mbegu za vumbi zenye kupeperushwa. Wakati huo ndio wa hatari, kwa maana mwili unaoyeyuka ni karamu kwa kila kijidudu kilicho jirani. Na wakati huo huo, wala si kabla yake, ndipo antibayotiki inapoanza kutengenezwa. Watafiti walipotafuta kinachokipasha habari kijidudu kwamba saa imefika, waliona kwamba miongoni mwa ishara zake ni aina ya sukari itokayo katika kuta za nyuzi zinazovunjika, yaani kifo cha mzazi chenyewe ndicho kinachotoa amri ya kulinda mirathi ya wanawe.

Nimelitaja neno mirathi kwa kusudi. Katikati ya karne iliyopita, watu walipokuwa wanagundua antibayotiki moja baada ya nyingine kwa kuchota udongo na kujaribu, hapakuwa na aliyejua ustadi huu umehifadhiwa vipi ndani ya kijidudu, na wengi hawakujali, maadamu dawa zilikuwa zinapatikana. Aliyejali ni Mwingereza David Hopwood, ambaye alianza katika miaka ya 1950 akiwa kijana wa Cambridge, kisha akahamia Glasgow, na tangu mwaka 1968 akafanya kazi Norwich katika Taasisi ya John Innes. Yeye alikichagua kijidudu kisicho na dawa yoyote ya maana, Streptomyces coelicolor, kwa sababu tu kinatoa rangi ya buluu nzito ambayo mtu huiona kwa macho yake. Na rangi ile yenyewe ni antibayotiki, dhaifu, iitwayo aktinorodini. Kwa subira ya miaka akazipandanisha aina zilizopoteza rangi na zilizobadilika rangi, akichora ramani ya jeni zake. Wengi wetu tungalitazamia kwamba jeni za kazi moja zitakuwa zimetapakaa huku na huku katika kromosomu, jinsi zilivyotapakaa kwa viumbe wengi kikiwamo kizazi cha Adamu. Kumbe jeni zote za rangi ile zimekaa mahali pamoja, zimefuatana kwa safu moja. Mwaka 1984 yeye na Francisco Malpartida wakakikata kipande kizima chenye jeni hizo wakakitia katika kijidudu kingine kisichojua habari ya aktinorodini, nacho kikaanza kugeuka buluu.

Sioni katika ilimu hii yote jambo lenye uzito kuliko hilo. Ustadi mzima wa kutengeneza dawa, tangu hatua ya kwanza hata ya mwisho, waweza kuhamishwa kwa mkupuo mmoja kutoka kiumbe hadi kiumbe, maana umefungwa katika furushi moja. Na ndani ya furushi hilo, pamoja na jeni za kutengeneza, zimo pia aghalabu jeni za kuamua wakati na jeni za kumkinga mtengenezaji asiuawe na sumu yake mwenyewe.

Tuitazame ivermektini, au kwa usahihi avermektini, maana wataalamu wa kemia huigeuza kidogo kiwandani kabla haijawa kidonge chetu. Furushi lake lina jeni 18 zilizoenea kwa urefu wa herufi elfu 82 hivi za DNA, na ndani yake zimo jeni nne kubwa kupita kiasi, zenye kuagiza protini nne kubwa mno ambazo zikishirikiana hufanya kazi ya mafundi wa shanga kumi na wawili walioketi safu moja, kila mmoja na kikapu chake chenye shanga za namna moja tu: wa kwanza huupokea uzi, akatunga ushanga wake, akaulainisha au akauacha ulivyo, akampa wa pili, naye wa pili akafanya vivyo hivyo, hata uzi ukamfikia wa kumi na mbili, na hapo ncha mbili zikaunganishwa uwe mkufu wa duara. Saba katika mafundi hao hutunga vipande vidogo vyenye asili ya asetati, na watano hutunga vikubwa kidogo vyenye asili ya propionati. Baadaye huja vimeng'enya vingine vikauvisha mkufu huo sukari mbili, na kazi imetimia. Kilichowastaajabisha wataalamu ni kwamba kila fundi na kikapu chake, na hata ruhusa yake ya kulainisha, vimeandikwa bayana katika jeni, hivi kwamba msomaji hodari aweza kuitazama DNA ya kijidudu asichokijua akabashiri, kabla hajaonja wala kunusa chochote, dawa yake itakuwa na umbo gani kwa jumla. Hubashiri kwa jumla, nasema, kwa sababu mafundi hawa wamo wavivu, na wamo wanaoruka zamu.

Katika habari ya kuamua wakati, mfano ulio mzuri zaidi ni wa streptomisini, dawa ya kwanza kushinda kifua kikuu. Aliipata Albert Schatz, mwanafunzi wa miaka 23, katika chumba cha chini ya ardhi cha chuo cha Rutgers, New Jersey, mnamo Oktoba 1943, kutokana na udongo wa shamba uliotiwa samadi nyingi na kutokana na koo la kuku. Hata hivyo Nobel ya mwaka 1952 alipewa mwalimu wake Selman Waksman peke yake, na wawili hao walikuwa wamekwisha kufikishana mahakamani. Kijidudu chenyewe ni Streptomyces griseus. Mwaka 1967 Mrusi Khokhlov na wenzake waligundua kwamba kijidudu hicho hutoa kitu fulani, wakakiita kwa herufi moja tu, A, ambacho kiasi kisichofika hata sehemu moja ya milioni ya gramu katika lita ya maji chatosha kukiamsha kikaanza kutengeneza streptomisini. Wajapani Beppu na Horinouchi wakaifuata habari hiyo kwa miaka mingi, wakaieleza hatua kwa hatua: protini moja hukaa juu ya DNA ikiziba njia, kitu A kikizidi, kwa maana kwamba nyuzi zimekwisha kuwa nyingi na watu wa nyumbani wametimia, huishika protini ile ikabanduka, ikibanduka, jeni moja husomwa, nayo huamrisha ya pili, na ya pili huliamrisha furushi zima la streptomisini. Sasa sikilizeni ufundi wa Muumba. Jeni inayokikinga kijidudu kwa kuifunga streptomisini isimdhuru mwenyewe imepangwa nyuma tu ya ile jeni ya kuamrisha, nazo husomwa kwa mfululizo, hata upanga hautoki alani kabla ngao haijainuliwa.

Hapo pia ndipo palipo balaa letu. Maana kinga hiyo, kwa kuwa imeandikwa katika kipande kifupi kiwezacho kuhama, si ya kijidudu cha udongo peke yake. Mwaka 1973 Benveniste na Davies walilinganisha vimeng'enya vya Streptomyces na vile vya bakteria wa hospitalini waliokuwa hawasikii tena dawa za jamii ya streptomisini, wakaona vyafanya kazi ile ile, wakasema kwamba asili ya ukaidi wa hospitalini huenda ikawa udongoni. Na mwaka 2011 wataalamu wakasoma DNA iliyotolewa katika ardhi iliyoganda miaka 30,000 huko Yukon, kaskazini ya Kanada, wakakuta jeni za kuzikaidi penisilini, tetrasaiklini na vankomisini, zama ambazo hapakuwa na tabibu wala duka la dawa. Usugu ni mkongwe kama dawa yenyewe. Tulichofanya sisi ni kuuita mjini.

Watu wa Afrika Mashariki wana sehemu yao katika historia hii, na sehemu ya heshima. Streptomisini ilipotumiwa peke yake, vijidudu vya kifua kikuu viliizoea kwa muda wa miezi, ikalazimu kuichanganya na dawa nyingine na kumtibu mgonjwa mwaka mmoja na nusu, muda ambao mkulima mwenye shamba na watoto ni shida kuutimiza. Ndipo madaktari wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, wakajaribu tiba ya miezi sita, na katika matokeo waliyoyatangaza mwaka 1972 ikadhihiri kwamba ukiwamo mchanganyiko wa rifampisini muda huo watosha. Rifampisini nayo ni mjukuu wa udongo: mzazi wake alipatikana mwaka 1957 na Waitaliano katika udongo wa msitu wa misonobari karibu na Saint-Raphaël, kusini mwa Ufaransa. Dawa hiyo hiyo ndiyo nguzo ya matibabu ya ukoma, maradhi ambayo wagonjwa wake walitunzwa miaka mingi hapo hospitali ya Kuluva, kwa matumaini machache, kabla haijafika. Kwa hiyo nionapo sokoni vidonge vya rangi mbili vikiuzwa kwa kuhesabiwa, viwili kwa kikohozi na vitatu kwa tumbo, muuzaji asijue maradhi wala mnunuzi asijue dawa, hasira yangu haiwi ya mtu wa siasa. Ni ya mtu anayeona kitu kilichochukua milioni za miaka kusanifiwa kikifundishwa maadui zake kwa bei ya maandazi.

Turudi kwenye urithi. Mwaka 2002 kromosomu nzima ya kile kijidudu cha Hopwood ilisomwa hata mwisho: herufi 8,667,507, na jeni 7,825, idadi iliyozidi ya bakteria yeyote aliyekuwa amesomwa hadi siku hiyo, na karibu maradufu ya zile za bakteria wa tumboni tunayemjua sana. Mwaka uliofuata ikasomwa yote ya kijidudu cha Kawana, nayo ina herufi zaidi ya milioni 9. Na katika vyote viwili kukatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Hopwood na wenziwe, baada ya kukitumikia kijidudu kimoja karibu nusu karne, walikuwa wanajua antibayotiki zake chache za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. DNA ikaonyesha mafurushi zaidi ya ishirini. Kile cha Kawana kikaonyesha kama thelathini. Mengi yamelala. Ukikilisha kijidudu chakula kizuri katika chupa ya maabara, hakioni sababu ya kuyafungua, kwa maana hakuna njaa, hakuna jirani mbaya, hakuna anayekufa.

Jambo hili limeipindua biashara nzima ya kutafuta dawa. Zamani mtu alichota udongo, akaotesha, akatazama ni kijidudu gani kinachowaua wenzake. Njia hiyo ilileta neema kubwa, kisha ikakauka, kwa sababu iliendelea kuleta vile vile vilivyokwisha kujulikana. Yamefanywa makadirio kwamba katika kila vijidudu mia vya jamii hii na ndugu zake vitokavyo udongoni kimoja hutengeneza streptomisini, ilhali chenye kutengeneza vankomisini ni kimoja katika laki. Siku hizi mtafiti husoma DNA kwanza, akatambua furushi lisilofanana na yaliyoandikwa, kisha akatafuta hila ya kuliamsha.

Mfano ulio karibu nasi watoka Kenya. Katika nyika za huko mna mgunga mfupi ambao miiba yake huvimba chini ikawa mipira myeusi yenye matundu, na upepo ukipita hupiga mluzi. Ndani ya mipira hiyo huishi sisimizi, na jamii moja yao, Tetraponera penzigi, hulima ukungu humo gizani. Kwa sisimizi hao kilipatikana kijidudu ambacho Matt Hutchings na Barrie Wilkinson, wakiwa Norwich, walikitangaza na wenzao mwaka 2017 kwa jina la Streptomyces formicae, nacho kina mafurushi yapatayo arobaini au zaidi, na katika furushi mojawapo dawa mpya walizoziita fomikamisini, ziwezazo kuwaua wale bakteria wa hospitalini wasiosikia methisilini na hata wasiosikia vankomisini. Na walipojaribu kuwazoesha bakteria hao kwa makusudi katika maabara, hawakupata hata mmoja aliyekaidi. Kwenye chupa ya maji kijidudu hiki kilikuwa bahili, hakitoi kitu. Lakini ilipofika mwaka 2021 watafiti walieleza kwamba wakiifuta jeni moja tu, ile yenye kazi ya kuzuia, hutoa kwa wingi. Bado si dawa ya dukani. Safari ya kutoka kwenye chupa hadi kwa mgonjwa ni ndefu, na wengi hufia njiani.

Hapa sharti niulize swali ambalo wenye maabara hawalipendi: ni mali ya nani? Mwaka 2006 ilitolewa ripoti iliyosema kwamba kijidudu kimoja cha jamii ya Actinoplanes, ambacho jeni zake kampuni kubwa ya madawa ya Ujerumani ilizitumia katika njia mpya ya kutengenezea akabosi, dawa ya kisukari yenye soko kubwa, kilitoka katika ziwa la Ruiru huko Kenya. Na wengi wakauliza Ruiru ilipata nini. Mkataba wa Nagoya, uliopitishwa mwaka 2010 ukaanza kutumika mwaka 2014, na ambao Uganda na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoukubali, ulikusudiwa kulijibu swali la namna hiyo kwa kudai ruhusa kabla ya kuchukua na mgawo baada ya kufaidi. Lakini mkataba ule uliwaza habari ya kifuko cha udongo. Wakati unatiwa saini, furushi la jeni lilikuwa limekwisha kuwa maandishi: mtu aweza kuisoma DNA mahali fulani, akaituma kwa simu, na mwingine aliye mbali akaiandika upya kwa kemia, akaitia katika kijidudu chake mwenyewe bila ya kugusa hata chembe ya udongo wa mwenye mali. Mataifa yamekwisha kulikiri pengo hili, na mwaka 2024 huko Cali, Kolombia, yakakubaliana kuanzisha mfuko ambao wanaofaidi maandishi ya namna hiyo watauchangia. Kuchangia kwenyewe, hata hivyo, si kwa lazima iliyo kamili, na mimi si mwepesi wa kushangilia ahadi.

Sasa Chuo Kikuu cha Muni kipo hapa hapa Arua, na wanafunzi wake wa sayansi wanapita njia ya Koboko kila siku, wakiyapita mashamba ya mihogo na mtama ya Manibe. Kazi ya mwanzo haitaki mitambo ya mamilioni. Udongo huchotwa sentimita kumi chini ya uso wa ardhi, huanikwa hata ukakauka kabisa, kwa sababu mbegu za Streptomyces hustahimili ukavu ambao bakteria wengine hauwapi nafasi, kisha huyeyushwa katika maji safi, hupunguzwa mara nyingi, na tone lake hupakwa juu ya chakula cha wanga kilichotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Baada ya wiki moja au mbili huonekana vidoa vikavu vyenye unga juu, vyeupe, vya kijivu, vya rangi ya waridi, vilivyoshikilia chakula kwa nguvu hata sindano ikivigusa havibanduki upesi, na kifuniko kikifunuliwa chumba chote hunuka mvua. Mwanafunzi huyo asishangae wala asivunjike moyo dawa atakayoikuta kwanza ikiwa ni streptomisini, kwa maana hesabu niliyoitaja yasema ndiyo itakayomjia mapema. Atunze tu vidoa visivyomwonyesha chochote, hivyo ndivyo vya kusomwa DNA. Na juu ya kila kichupa, pamoja na tarehe, aandike jina la kijiji, na jina la mwenye shamba, na kwamba aliombwa ruhusa akaitoa.